Fomu ya kuchagua shule inamwadhibu mzazi mkweli

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo wazazi wengi tunalinong'ona kwenye lango la shule, kisha tunalimeza tukifika ofisini.

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka 11 nimeshona sare za watoto wa shule za umma za jiji ninaloishi, na mtoto anayepimwa mabega huwa hanyamazi. Kwa hiyo najua darasa gani halijamwona mwalimu wa hesabu tangu muhula uanze, na vyoo vya shule gani vimefungwa kwa kufuli. Nguo nazo husema. Kuna shule moja ambayo mashati yake huletwa kwangu yakiwa yamechakaa kiwiko kimoja tu, cha kulia kwa baadhi, cha kushoto kwa wengine. Nilidhani ni michezo, mpaka mtoto mmoja akakaa kwenye benchi langu akanionyesha: wanabanana wanne kwenye dawati la wawili, na aliye ukutani husukumwa mpaka kiwiko kinasugua ukuta kutwa nzima. Shule hiyo ndiyo iliyokuwa juu kabisa kwenye karatasi ya matokeo iliyobandikwa nje ya ofisi ya elimu.

Basi mwanangu wa kwanza alipofikia umri wa kuanza darasa la kwanza, karatasi ile niliipita. Wastani unaniambia watoto wa darasa la mwisho walipata ngapi. Hauniambii waliingia shuleni wakijua nini, wala wangapi walihamishwa kabla ya mtihani wasije wakaushusha. England walianza kuchapisha matokeo ya shule za sekondari mwaka 1992, na ilipofika 2016 kipimo chao kikuu kikawa ni hatua aliyopiga mwanafunzi kati ya miaka 11 na 16, badala ya alama peke yake. Sisi bado tunabandikiwa alama.

Nilitafuta kwa miguu. Siku tatu nilifunika cherehani mapema nikazunguka. Shule mbili ziliniishia getini. Ya tatu, mwalimu mkuu aliniruhusu nisimame dirishani kwa darasa la kwanza. Mtoto mmoja alikuwa anasoma kwa sauti akakwama kwenye neno. Mwalimu akasubiri. Hakummalizia, hakumwita mwingine. Darasa lote likasubiri pamoja naye, na hakuna aliyecheka. Mhariri, mwanangu ana kigugumizi. Nilitoka pale nimeshaamua.

Fomu ilikuwa na mistari mitatu na maelekezo mafupi: andika shule tatu kwa mpangilio unaoupenda. Nikaandika ukweli wangu. Ya kwanza, shule ya yule mwalimu. Ya pili, shule iliyo karibu na nyumbani, dakika kumi kwa mguu, nayo si mbaya. Ya tatu, nyingine ya kata ya jirani. Nilijua kwamba nafasi zikizidiwa, anatangulizwa mwenye ndugu shuleni, kisha anayeishi karibu, kisha kura. Kwa hiyo shule ya karibu niliihesabu kama ngao. Nikikosa ya kwanza, nilijiambia, ile haiwezi kuninyima, maana naishi mlangoni pake.

Majina yalipobandikwa, mwanangu alikuwa amepangiwa shule ambayo sikuiandika popote. Kufika kunahitaji mabasi mawili.

Nilimuuliza karani wa ofisi ilikuwaje shule ya karibu ikachukua watoto wanaoishi mbali kuliko sisi. Hakunijibu kwa ukali, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu alinieleza kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana na kila mtu. "Mama, shule ile ilijaa kwa walioiweka ya kwanza. Wewe uliiweka ya pili. Ungeiweka ya kwanza, ungeipata."

Nikabaki nimeduwaa. Kumbe ule mstari wa kwanza haukuwa wa kuandika shule ninayoipenda. Ulikuwa wa kuandika shule ninayodhani nitaipata. Na anayejua tofauti hiyo ni nani? Ni mwenye shemeji mwalimu, au mwenye jirani anayefanya kazi ofisini. Niliuliza wateja wangu mmoja mmoja nikiwapimia watoto wao. Waliopata walikuwa wameambiwa na mtu. Sisi tulioamini maandishi ya fomu ndio tuliotawanywa.

Mpwa wangu anasoma hisabati chuoni, akaja jioni moja akanikuta nimenuna. Alichukua vipande vitatu vya kitambaa kwenye meza yangu ya kukatia, cheupe, cha bluu na cha kijivu, akachora kwa chaki duara mbili mbili kwenye kila kimoja. Hizo zikawa shule na nafasi zake. Akamimina vifungo sita kutoka kwenye kopo, ndio watoto. Kwanza akagawa kwa utaratibu wa ofisi yetu. Kila kifungo kikaenda kwenye kitambaa kilichokitaja kwanza, duara zikijaa, basi, imekwisha. Kifungo changu kilikosa cha bluu, kikakimbilia cheupe, kikakuta vifungo viwili vya mbali vimeshakaa. Kikaishia kwenye kijivu ambacho hakikukitaja kabisa.

Kisha akafuta akaanza upya. Safari hii kitambaa hakikutoa nafasi moja kwa moja, kilishikilia tu. Kifungo changu kilipokataliwa kwenye bluu kikaja kwenye cheupe, kililinganishwa na wale wawili waliokwishakaa, na kwa kuwa mimi naishi karibu zaidi, mmoja wao akasogea. Aliyesogea akaenda kwenye chaguo lake la pili, naye akalinganishwa na waliopo huko. Wakaendelea kusogea hivyo mpaka hakuna kifungo kilichobaki kikihama. Ndipo nafasi zikawa za kudumu. Nilimwambia arudie mara tatu. Kila mara nilijaribu kudanganya, nikapanga machaguo yangu kijanja, na hata mara moja sikupata shule bora kuliko ile niliyoipata kwa kusema kweli. Akaniambia nisingeipata hata ningejaribu usiku kucha, kwa kuwa hilo limethibitishwa kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Wamarekani wawili, David Gale na Lloyd Shapley, waliiandika mwaka 1962. Mwaka 2012 Shapley na mwenzake Alvin Roth walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya namna hii, Shapley kwa nadharia na Roth kwa kuitumia maishani. Roth na wenzake ndio walioisaidia New York kubadili mgao wa shule za sekondari mwaka 2003. Kabla ya hapo mtoto aliruhusiwa kutaja shule 5, na watoto wapatao 30,000 walikuwa wakipelekwa shule ambazo hawakuzitaja. Baada ya mabadiliko waliruhusiwa kutaja 12, na mwaka wa kwanza tu idadi hiyo ikashuka hadi takriban 3,000. Nikisoma namba hiyo ninawaona watoto 27,000 ambao hawakupandishwa basi kwenda mahali ambapo mzazi hakupaandika.

Boston nao walikuwa na utaratibu uleule ulionikuta mimi. Huko kikundi cha wazazi kilikuwa kikikutana na kufundishana namna ya kupanga machaguo kwa hila, huku wengine wakiandika walichopenda na kukosa. Wataalamu walipouonyesha uongozi wa shule jinsi mzazi mkweli anavyopoteza, utaratibu ukafutwa mwaka 2005. Na England, mwongozo wa udahili wa mwaka 2007 ulipiga marufuku shule kumtanguliza mtoto kwa sababu tu mzazi aliiandika ya kwanza.

Nimewahi kuambiwa, na mtu ninayemheshimu, kwamba haya yote ni kupanga viti wakati vyenyewe havitoshi. Shule nzuri ni chache, gawa utakavyogawa, wako watakaokosa. Ni kweli. Hesabu ya mpwa wangu haijengi darasa wala haiajiri mwalimu, na yule mtoto wa kiwiko kilichochakaa bado anasugua ukuta. Lakini mtu huyu aliposema hivyo nilimuuliza swali moja: kama kukosa ni lazima, kwa nini akose yule aliyesema kweli? Kukosa kwa kura nitakuvumilia. Kukosa kwa kuwa sikuwa na wa kuninong'oneza, hapana.

Tena uongo ukishaanza kwenye fomu hauishii hapo. Nina wateja wanaoandika anwani ya shangazi wa mtoto ili waonekane wanaishi karibu na shule wanayoitaka. Mmoja alikodi chumba kwa miezi miwili asichokilala hata usiku mmoja. Siwahukumu. Wanalipia kile ambacho wengine wanapewa bure kwa kujuana, ila mtoto wao anafundishwa kutaja mtaa asioujua akiulizwa na mwalimu, na anafundishwa na mama yake.

Ninachokiomba ofisi ya elimu ni kidogo. Ibadili mgao, nafasi zishikiliwe mpaka machaguo yote yalinganishwe ndipo zitolewe. Ituongezee mistari, kwa kuwa mitatu haitoshi jiji lenye shule nyingi namna hii. Na kabla ya kufika huko, hata kabla ya msimu huu kwisha, ituambie wazi jinsi nafasi zinavyotolewa sasa. Wakishindwa kuacha utaratibu unaomtaka mzazi abahatishe, basi wazazi wote wajue kwamba wanabahatisha, asijue tu mwenye shemeji.

Mwanangu anaondoka nyumbani giza halijaondoka. Mwalimu wake wa sasa si mtu mbaya, ana watoto wengi mno, na mwanangu anapokwama kwenye neno mwalimu humalizia yeye ili darasa liendelee. Jioni ninamsomesha kando ya cherehani, nimezima mota ili nimsikie. Ninasubiri, kama nilivyoona siku ile dirishani.

Mdogo wake anaanza shule mwaka ujao na fomu zimeshatoka, nimechukua yangu juzi. Ina mistari mitatu ileile na maelekezo yaleyale. Maelezo ninayoyaomba yangeenea upande wa pili wa karatasi. Nimeigeuza nikaangalia, upande huo ni mtupu.

Mzazi, fundi cherehani
(Jina na anwani vimehifadhiwa)