Mtuletee na nyavu zake, si mashine tupu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wafanyabiashara wa vifaa vya umeme hapa Mbeya, na pia na wasomaji wenzangu ambao mashine zao za kunyolea ndevu zimechoka na sasa wanatafuta nyingine. Wapo watakaoona nimechukua nafasi ya gazeti kwa jambo dogo. Kwa nyumba yenye mgonjwa si dogo.

Baba yangu ni mstaafu wa reli ya TAZARA. Miaka yote ya utumishi wake hakuwahi kutoka nyumbani kwenda stesheni na ndevu usoni, na mpaka leo, baada ya kiharusi kumlegeza mkono wa kulia, hagusi chai ya asubuhi kabla hajanyolewa. Alipoanzishiwa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, muuguzi alitukalisha akatueleza waziwazi kwamba habari ya wembe iishe. Anayetumia dawa hiyo akikatwa hata kidogo, damu huchelewa kukoma. Tangu hapo mzee ananyolewa kwa mashine ya umeme, na anayemnyoa ni mimi, kabla sijaenda shuleni.

Mashine tuliyokuwa nayo ni ya wavu. Kwa asiyeijua, juu yake kuna bati jembamba kuliko karatasi ya daftari, limetobolewa matundu madogo madogo. Ndevu zinaingia kwenye matundu, na visu vinavyokimbia kwa chini vinazikata. Ngozi inagusana na bati, haigusani na kisu. Usalama wake wote uko hapo. Mwaka huu wavu ulipasuka pembeni, upenyo mdogo ambao macho hayauoni mpaka uushike kwenye mwanga wa dirisha, ukaanza kumkwaruza mzee chini ya taya. Wavu ukishapasuka hivyo mashine haifai kuwekwa usoni, kwa sababu kisu sasa kina njia ya kuifikia ngozi. Betri nayo ilikuwa imefika mwisho.

Nikaingia Mwanjelwa. Nikaenda Kabwe, nikapita na maduka ya katikati ya jiji. Mashine ziko tele, za kila rangi, boksi limechorwa mwanamume mwenye kidevu kinachong'aa. Nikiuliza wavu wa akiba, wauzaji wanatazamana. Kijana mmoja, mwenye lugha nzuri kabisa kwa wateja, aliniambia: "Mwalimu, wavu hatuleti. Ikichoka si unachukua nyingine?"

Hapo ndipo penye kilio changu. Mashine hizi zinatengenezwa kwa kujua kwamba sehemu inayokata itakwisha kabla ya mashine yenyewe. Braun wanashauri wavu na visu vyake vibadilishwe kila baada ya miezi 18 hivi. Philips, kwa vichwa vyao vya mviringo, wanasema miaka 2. Mota inaweza kudumu zaidi ya hapo. Sasa mtu anayenunua mashine ya sh 30,000 isiyo na kipuri popote, wavu ukichoka anaitupa nzima, na betri yake inaishia jalalani pamoja na taka za jikoni. Akinunua ya pili, ya tatu na kuendelea hivyo, anakaribia bei ya mashine nzuri, na muda wote huo anajinyoa kwa visu butu vinavyovuta nywele. Biashara ya aina hii inamuumiza zaidi yule aliyekusudia kubana matumizi.

Kwa hiyo rai yangu kwa anayetafuta mashine mpya ni hii: kabla hujauliza bei ya mashine, uliza bei ya wavu wake au vichwa vyake, na uliza unapatikana wapi. Kwenye mashine nyingi za makampuni yanayojulikana, namba ya kipuri imeandikwa kwenye wavu wenyewe au kwenye kijitabu. Muuzaji akishindwa kukutajia namba hiyo, hiyo mashine ni ya kutumia na kutupa, na bei yake uipime kwa kipimo hicho.

La pili ni ndevu zenyewe, na hapa naomba vijana wanisikilize. Maboksi mengi yanajisifu kwamba mashine inanyoa hadi chini kabisa, kidevu kibaki laini kama cha mtoto. Kwa wengi wetu wenye nywele za kipilipili, sifa hiyo ndiyo ya kuogopwa. Unywele uliojikunja ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, unapoota tena ncha yake kali inageuka na kuchoma ngozi kutoka ndani, au unatoka nje kidogo kisha unajikunja na kuingia tena pembeni. Ndivyo vinavyotokea vile vipele vya shingoni, vyeusi na vigumu, ambavyo watu wanavipaka spiriti kila jioni huku kila asubuhi wanaendelea kuvichokoza. Anayesumbuliwa navyo anahitaji mashine inayobakiza ndevu kidogo, kama nusu milimita au milimita 1: zile za kuchongea zenye meno, zisizo na wavu. Uso hautang'aa, lakini ngozi itapumzika. Mimi mwenyewe natumia ya namna hiyo, na wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanaoanza kuota ndevu nawaambia hivyohivyo, maana hakuna anayewafundisha jambo hili na wanaishia kuchukua wembe wa kaka.

Kwa mzee nilichagua tena ya wavu, nitaeleza kwa nini. Ile ya vichwa 3 vya mviringo, ambayo Philips waliianza mwaka 1939 ikiwa na kichwa kimoja tu, ni nzuri kwa ndevu zinazoota kila upande, ila inataka kuzungushwa usoni. Mtu akijinyoa mwenyewe anaihisi ngozi yake na kujua akandamize wapi. Unapomnyoa mwingine huna hisia hiyo. Ngozi ya mzee imelegea, na upande uliopatwa na kiharusi unalegea zaidi. Wavu unakwenda moja kwa moja: mkono wa kushoto unavuta ngozi kuelekea sikioni, wa kulia unapandisha mashine taratibu kinyume cha ndevu zinakoelekea, bila kukandamiza. Shingoni, ambako ndevu zake zimelala na zina tabia ya kufanya vipele, naacha wavu kabisa na kutumia kile kichongeo cha nyuma ya mashine. Mzee ananyoosha kidole kuonyesha palipobaki. Macho yake hayajapoteza ukaguzi wa stesheni.

Wapo walionishauri nimpeleke saluni yaishe. Nawaheshimu vinyozi wetu, lakini mashine ya kupita uso hadi uso haimfai mtu ambaye damu yake haikomi upesi. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 na zaidi, na spiriti ya kupulizwa haraka haraka kati ya mteja na mteja haitoshi kunipa amani. Mashine ya ndevu iwe ya mtu mmoja, hata ndani ya nyumba moja.

Kuhusu umeme, soma chaja kabla ya kutoa hela. Umeme wetu ni volti 230. Chaja iliyoandikwa 100–240V haina shida. Iliyoandikwa 100V peke yake ilitengenezwa kwa ajili ya Japani, na ya 120V kwa ajili ya Marekani; vifaa hivyo vinafika huku kwa wingi kupitia mitumba, vinauzwa kwa bei ya kuvutia, na ukivichomeka moja kwa moja ukutani vinaungua. Kama chaja haijaandikwa kitu chochote, iache palepale mezani.

Uliza pia kama mashine inafanya kazi ikiwa imechomekwa. Nyingi zinazoruhusiwa kutumika bafuni zimetengenezwa zisiwake kabisa zikiwa kwenye chaji, na hilo ni kwa usalama wa mtumiaji. Maana yake ni kwamba umeme ukikatika usiku na betri iko tupu, asubuhi hakuna kunyoa. Zenye betri ya lithiamu nyingi zinajaa kwa saa 1 hivi, na baadhi ukizichaji dakika 5 tu unapata moto wa kunyolea mara moja. Zinazochajiwa kwa waya wa USB zinakubali pawabenki au sola, jambo lenye maana kubwa kwa ndugu zetu wa vijijini kule Isangati au Kitulo.

Utunzaji hauna mambo mengi. Wavu usiusugue kwa brashi, unaharibika; ugonge taratibu kwenye kiganja ndevu zidondoke. Kama mashine inaruhusu maji, isuuze, kisha mara moja kwa wiki weka tone la mafuta mepesi. Ya cherehani yanafaa. Nyoa ngozi ikiwa kavu kabisa, kabla ya kunawa, na katika baridi yetu ya Juni na Julai hilo peke yake ni nafuu kwa mgonjwa. Na aliyetoka kwenye wembe asikate tamaa siku za mwanzo: ngozi inahitaji wiki 2 hadi 3 kuizoea mashine.

Nilipata nilichokitaka kwa kuagiza Kariakoo kupitia jamaa, mashine kwa sh 180,000 na wavu wa akiba kwa sh 70,000, mzigo ukaja kwa basi. Ni hela nyingi kwa mwalimu. Lakini kabla ya hapo, duka moja hapa mjini lilinionyesha boksi lenye jina la kampuni kubwa ambalo herufi yake moja ilikuwa imebadilishwa, bila namba ya modeli, na nilipoomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei ikabadilika. Bidhaa za namna hiyo zinakatazwa na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo yenye dhamana ya kuzifuatilia. Naiomba ipite na kwenye vifaa vidogo vya usoni na mwilini. Nguvu ya ukaguzi isiishie kwenye nyaya na vipuri vya magari.

Kwenu wafanyabiashara, sisemi mjaze rafu nyavu ambazo hamjui zitanunuliwa lini. Wekeni daftari mezani. Mteja aandike namba ya wavu wake, atangulize nusu ya bei, nanyi muunganishe na mzigo wenu unaopanda kila wiki kutoka Dar es Salaam. Wagonjwa wa kiharusi, wazee wanaotumia dawa za damu, walinzi na askari wanaotakiwa kunyoa kila siku: wateja wapo, na wanarudi. Duka la kwanza Mwanjelwa litakaloweka daftari hilo, jina langu litakuwa kwenye ukurasa wa kwanza, na hela nitaitanguliza yote.

Mwalimu wa sekondari,
Uyole, Mbeya