Kuweka nyutro mteremkoni si kubana mafuta

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu wa Mbale ameandika katika ukurasa huu kwamba akishuka kutoka milima ya Kapchorwa huweka gari nyutro, yaani bila giya, na mteremko ukiwa mrefu huzima injini kabisa ili asichome petroli bure. Akatushauri na sisi tufanye vivyo hivyo kwa kuwa bei imetushinda. La bei namuunga mkono. La nyutro naomba nafasi nimjibu, maana ushauri ule unaweza kumwua mtu, na mafuta yenyewe hauyapunguzi.

Mimi ni mama wa mitumba hapa Tororo. Mzigo nautoa soko la Owino, Kampala, na gari langu ni Vitz la injini ya lita moja. Kutoka Kampala hadi kwangu ni zaidi ya kilomita 200, na ukiondoa marobota yenyewe, hakuna kinachonilia fedha kuliko petroli. Ndiyo maana naiandika daftarini kama ninavyoandika madeni ya wateja.

Magari yetu haya ya Japani hayana kabureta, kile chombo cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Petroli inapulizwa na nozeli, na nozeli zinapokea amri kutoka kwa kompyuta. Gari likiwa kwenye giya na mguu umeutoa kwenye mafuta, mteremkoni magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kompyuta ikiona hivyo inazifunga nozeli, na hapo hutumii hata tone, mpaka mwendo ushuke sana ndipo zinafunguka tena. Ukiweka nyutro, magurudumu na injini vimeachana. Injini inalazimika kunywa kidogo kidogo ili isizimike, njia nzima hadi chini. Kwa hiyo ndugu yetu analipia kitu ambacho angekipata bure, na breki anazichosha kwa kuwa injini haimsaidii tena kulizuia gari.

Kuzima injini ndiko kunakonitisha. Breki zetu husaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini. Injini ikizimwa, unakanyaga mara mbili tatu, kisha pedali inakuwa ngumu na gari halisimami mpaka uikanyage kwa nguvu zako zote. Usukani nao unakuwa mzito, na ukiuchomoa ufunguo unajifunga. Kona za Kapchorwa anazijua kuliko mimi. Akae kwenye giya ya chini, ateremke polepole, awahi nyumbani salama.

Sasa mafuta yanaokolewa wapi? Mwendoni. Nina mpwa wangu hunisaidia kuendesha, kijana hodari, lakini akishavuka Mukono huendesha kama anayefukuzwa. Akishika usukani yeye tunapata kama kilomita 14 kwa lita. Nikiushika mimi, gari lile lile na mzigo ule ule, tunakaribia 18. Yeye anasema ni bahati yangu. Mimi nasema ni upepo. Gari linapokimbia linasukuma hewa, na ukipandisha mwendo kutoka 80 hadi 100 kwa saa, hewa inalizuia zaidi kwa nusu nzima na ziada. Ukifika 110 kizuizi kinakaribia kuwa mara mbili. Injini ya lita moja haina nguvu ya akiba ya kubishana na hewa kiasi hicho. Inachofanya ni kunguruma na kunywa.

Halafu unapata nini? Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80. Barabara ingekuwa tupu, mwenye 100 angemtangulia mwenye 80 kwa dakika 12 tu. Lakini ile barabara iliwahi kuwa tupu lini? Kuna trela za kwenda mpakani Malaba, kuna matrekta ya miwa ya Lugazi, na ndani ya msitu wa Mabira utakaa nyuma ya lori linalopanda kwa kukohoa hata ungekuwa na gari la rais. Mpwa wangu hulipita lori moja kwa kukanyaga mpaka sakafuni, kisha anafunga breki nyuma ya lingine. Petroli yote aliyoichoma kupata ule mwendo imegeuka joto la breki.

Mimi huangalia mbali. Nikiona matuta ya Idudi yanakuja, au wauza gonja (ndizi za kuchoma) na nyama choma wa Namawojjolo wanaanza kuinuka, mguu nautoa mapema na gari linapunguza lenyewe, tena bila kutumia mafuta, kama nilivyokwisha kueleza. (Kusimama ununue gonja si hasara. Hasara ni kuiacha injini ikinguruma huku mnabishana bei.) Kwenye mlima siing'ang'anii 80. Naacha ishuke kidogo, nitairudisha upande wa pili. Na wale wanaojibanza nyuma ya basi ili liwakingie upepo, kweli upepo unapungua, ila basi likifunga breki ghafla hutakuwa na pa kwenda.

Mzigo uwe ndani. Mimi hulaza viti vya nyuma nikapanga marobota hapo. Kuyafunga juu kwenye keria ni kumwita yule yule adui upepo. Hata keria tupu inakula mafuta, ivue kama huna kazi nayo. Ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, funga vioo. Vile vichupa vya dawa ya kubana mafuta wanavyotuuzia dirishani sina la kusema juu yake ila muuzaji anafaidika. Petroli ya bei ya juu nayo haina faida kwa injini iliyotengenezewa ile ya kawaida.

Tairi ndilo jambo ninalotaka wenye vituo vya mafuta walisikie. Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo: kuna kibandiko. Maandishi ni ya Kijapani lakini namba tunazisoma wote. Changu kinasema kPa 230, yaani kama psi 33. Kipimo hicho ni cha tairi baridi, asubuhi kabla hujaondoka. Ukijaza 33 ukiwa umefika Jinja na tairi limechemka, kesho asubuhi litakuwa chini ya hapo, na tairi laini ni mzigo unaouburuta njia nzima. Lakini nenda vituoni ukaombe upepo. Geji moja imevunjika kioo, nyingine inasoma vyake, na kijana anakupimia kwa kulipiga tairi teke. Tunaacha mamia ya maelfu ya shilingi pale, na geji inayosema kweli hatuipati?

Jambo dogo la mwisho kuhusu magurudumu: ukitoka safari ndefu ambayo hukufunga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu, usiiguse. Moja likiwa na joto kuliko mengine, breki yake inakamata. Hapo umekuwa ukiendesha huku umefunga breki, lipeleke gari kwa fundi.

Na anayetaka kujua kama ninasema kweli aache kununua petroli ya elfu ishirini ishirini. Ajaze tangi mpaka pampu ijikate, aanze kilomita kwenye sifuri, atembee, ajaze tena kwenye pampu ile ile, agawe kilomita kwa lita. Ndugu yangu wa Mbale, fanya hivyo kwa nyutro na kwa giya, kwenye barabara ile ile, kisha uniandikie hapa hapa kwenye gazeti.

Geji yangu niliinunua mwenyewe na ninayo garini. Dereva wa soko la Tororo anayeitaka aje aazime, mradi aje alfajiri na aje kwa miguu atanikuta. Tutakwenda wote hadi gari lake lilipolala.

Mama wa mitumba,
Tororo