Mbona hatuskani filamu ya milimita 35 kwa megapikseli 55?

Wateja wanaoleta filamu za zamani hutuomba jambo hili mara kwa mara: "Niskanieni kwa kiwango cha juu kabisa. Si filamu ina undani kuliko dijitali?" Skana ikiwekwa 6400 dpi (nukta 6400 kwa kila inchi), fremu moja ya milimita 35 inatoa faili la megapikseli karibu 55, yaani nukta za picha milioni 55. Ukiisikia namba hiyo, unavutika. Lakini sisi tutakushauri 4000 dpi, na kwa filamu nyingi hata chini ya hapo. Si uvivu.

Tuanze na fremu yenyewe: upana milimita 36, kimo milimita 24. Filamu ya slaidi (ile inayotoa picha yenye rangi halisi moja kwa moja) ya Fujifilm Velvia 50, ambayo ni miongoni mwa zilizosifika kwa ukali wa picha, kwa vipimo vya mtengenezaji inatenganisha mistari 80 katika kila milimita pale kinachopigwa kinapokuwa na tofauti ndogo ya weusi na weupe. Tofauti ikiwa kali sana inafika 160. Hiyo 160 ndiyo watu hupenda kuitaja, ila ni ya chati ya maabara. Ngozi, majani na kitambaa viko karibu zaidi na 80. Kila mstari unahitaji pikseli mbili, moja yake na moja ya nafasi inayofuata. Piga hesabu kwa fremu nzima: pikseli 5760 kwa 3840, yaani megapikseli 22.

Na hapo tumechukulia kwamba kila kitu kilikwenda sawa: lenzi nzuri, kamera juu ya stendi, fokasi imekaa pake. Picha nyingi za familia hazikupigwa hivyo. Zilipigwa kwa mkono, kwa filamu ya ISO 400, inayohisi mwanga upesi lakini yenye chembe nene, ndani ya chumba chenye mwanga hafifu. Zikibaki na mistari 40 kwa milimita, ambayo bado ni picha nzuri tu, undani wake unaenea kwenye megapikseli 5 na nusu.

Sasa hizo nyingine zote hadi 55 zina nini? Chembe za filamu yenyewe. Ukitaka kuhakikisha, tafuta kwenye fremu kibao chenye maandishi madogo nyuma ya watu, kisha iskani kwa 2400 na tena kwa 4000. Fungua mafaili yote mawili, uyakuze hadi kibao kilingane ukubwa kwenye skrini. Kama herufi zilizokuwa hazisomeki kwenye la kwanza zinasomeka kwenye la pili, basi filamu ilikuwa na cha kutoa na 4000 ina maana. Mara nyingi utakuta kingo za herufi ni zilezile, isipokuwa chembe zinazozizunguka zimekuwa nene na wazi zaidi. Tena, skana nyingi za bapa, zile za kulaza kitu juu ya kioo, zilizoandikwa 6400 hazioni kweli hata nusu ya namba hiyo. Faili linakuwa kubwa, picha inabaki ileile.

Dijitali nayo isijisifu mno. Sensa, yaani kipande cha kamera kinachopokea mwanga, ya megapikseli 24 haikusanyi rangi zote katika kila nukta. Nyingi bado zinatumia mpangilio wa Bryce Bayer, mwanasayansi wa kampuni ya Kodak, ambao hataza yake ilitolewa mwaka 1976: nusu ya nukta zinaona kijani, robo nyekundu, robo bluu, na rangi zinazokosekana kamera inazikadiria kutoka kwa majirani. Ndiyo maana kitambaa chenye mistari myembamba wakati mwingine hutokea na mawimbi ya rangi ambayo hayakuwepo. Simu zina tatizo jingine: sensa ni ndogo, na programu inafuta uchafu wa gizani hadi ngozi inakuwa laini kama nta, vinyweleo vimeondoka navyo.

Hata hivyo, ukituuliza bila kuzunguka, tutasema kamera ya kisasa ya megapikseli 24 yenye sensa kamili (ukubwa sawa na fremu ya milimita 35) inaishinda filamu ya milimita 35 ya kawaida kwa undani. Tunasema hivyo ingawa filamu ndiyo inayotulisha. Mambo yanageuka filamu ikiwa kubwa. Fremu ya 6x6, yaani karibu sentimita 6 kwa 6, ina eneo zaidi ya mara tatu na nusu ya milimita 35, na hapo mteja akitaka faili kubwa hatubishani naye.

Filamu ina pengine inaposhinda, napo ni kwenye mwanga mwingi. Gauni jeupe la bibi harusi juani: negativu ya rangi (filamu ambayo rangi zake zimegeuzwa) iliyopata mwanga kupita kiasi bado huwa imehifadhi mikunjo na nakshi, tukaivuta wakati wa kuskani. Kwenye dijitali, weupe ukishapasuka hakuna cha kuvuta. Umebaki ukurasa mtupu. Slaidi haina uvumilivu huo, kwa hiyo usiichanganye na negativu.

Kinachotusikitisha zaidi ya mjadala wote huu ni mteja kuleta picha iliyochapwa ilhali negativu iko nyumbani kwenye bahasha. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ukiiskani kwa 300 dpi, inatoa megapikseli 2 tu, na ukipandisha sana unaanza kuskani nyuzi za karatasi. Negativu yake, kama ilipigwa vizuri, ina mara kadhaa ya hapo. Itafute kwanza. Isishikwe katikati, ishikwe kingoni, na vumbi usilifute kwa kitambaa; tuachie sisi, kwa sababu mkwaruzo ukishaingia hautoki.

Ukija, tuambie unataka kuchapa ukubwa gani. A4 kwa 300 dpi inahitaji pikseli 2480 kwa 3508, karibu megapikseli 9, na fremu ya milimita 35 iliyopigwa vizuri inafika hapo bila shida. Ukitaka ya kutundika ukutani, tutaiweka negativu kwenye meza ya mwanga, tuitazame pamoja kwa kioo cha kukuzia kabla hujalipia chochote. Kope zikionekana moja moja, tunaskani 4000. Zikiwa zimeungana, tutakuonyesha, kisha uamue mwenyewe.