Barua ya wazi kwa mdogo wangu, kabla Mama Mdogo hajaruhusiwa

Mdogo wangu mpendwa,

Nimesikia kwamba madaktari wa Dar es Salaam wanafikiria kumruhusu Mama Mdogo baada ya kiharusi chake, na kwamba nyumbani Muheza wameshamwandalia chumba. Nimefurahi, lakini nakuomba usisubiri asubuhi ya ruhusa ndipo uanze kuuliza, kwa maana asubuhi hiyo malipo yanakamilishwa, kitanda kinasubiriwa na mgonjwa mwingine, na gari limeshakodiwa.

Unakumbuka baba yangu alipotoka wodini baada ya kiharusi. Tulikabidhiwa bahasha za dawa na tarehe ya kliniki, basi. Tulimlaza chali kwa kuwa ndivyo alivyoonekana kutulia, na kabla ya wiki ya pili kwisha tukaona kidonda juu ya makalio, ambacho kilichukua miezi kupona. Hakuna aliyekuwa ametufundisha kumgeuza, na sisi hatukujua kwamba hilo ni jambo la kuuliza.

Kwa hiyo mwombe muuguzi akuonyeshe, kisha ufanye wewe huku yeye akikutazama: kumgeuza kila baada ya saa 2, usiku pia, kukagua ngozi ya makalio, nyonga na visigino, kumkalisha wima anapolishwa na kumwacha hivyo kwa dakika 30 baada ya kula, kwa sababu kiharusi hudhoofisha umezaji na uji unaweza kuingia mapafuni. Akitoka na mpira wa mkojo, uliza utabadilishwa lini na wapi; mfuko wake ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, hata garini.

Dawa zote zilizoko nyumbani zipelekwe hospitali. Dawa ileile ya presha huuzwa kwa majina tofauti, na mgonjwa anaweza kumeza dozi mara mbili akidhani ni dawa mbili. Mfamasia akuandikie ipi iendelee na ipi iachwe. Karatasi ya ruhusa itoe nakala, uipeleke hospitali ya wilaya, kwa kuwa mazoezi ya viungo hayawezi kungoja tarehe ya kliniki ya Dar es Salaam.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni choo. Kiko nyuma ya nyumba, ni cha kuchuchumaa, na yeye mguu mmoja haumtii. Fundi seremala atoboe kiti imara, ndoo iwekwe chini yake, na kiti kiwe tayari kabla yeye hajafika.

Msiseme tu kwamba mtasaidiana. Tajeni jina la atakayeamka saa nane usiku. Jina likikosekana, mweleze daktari na afisa ustawi wa jamii waziwazi, muombe ahamishiwe kwanza hospitali ya wilaya. Kuomba hivyo si kumkimbia mzazi.

Nitafika Muheza Jumamosi. Zamu za usiku za wiki ya kwanza niandikie mimi.

Dada yako