Risala ya Vijana kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Msimu wa Besiboli, Kansas City

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazazi na walezi wetu, makocha, vijana wenzetu, habari za jioni.

Sisi vijana tunaosema Kiswahili hapa Kansas City tunasema karibu sana. Wengi wetu kwetu ni Kongo na Burundi, na tulifika hapa tukijua mpira mmoja tu, ule wa miguu. Ulipotutembelea mazoezini ulituuliza tunampenda mchezaji gani wa Royals, timu ya ligi kuu ya besiboli ya hapa Kansas City. Ukacheka tulipomtaja mrushaji mstaafu, Joakim Soria. Leo tunaomba kukujibu.

Soria alizaliwa mwaka 1984 Monclova, mji wa viwanda vya chuma kaskazini mwa Meksiko. Alipasuliwa kiwiko mwaka 2003, angali kijana. Desemba 2006 Royals walimchukua kutoka Padres, timu ya San Diego, ambao hawakuwa wamemweka kwenye orodha ya wachezaji wa kulindwa.

Hapa alipewa kazi ambayo kwenye timu yetu hakuna anayeigombania, maana kila mmoja anataka kuanza. Mrushaji wa kufunga mchezo hukaa nyuma ya ukuta jioni nzima. Timu ikiwa mbele kidogo tu katika duru ya tisa, iliyo ya mwisho, ndipo anaitwa. Akiulinda ushindi huo mpaka mwisho, husemwa ameokoa mchezo. Tumetazama video zake mpaka simu ikaisha chaji. Mpigaji anangoja mpira wa kasi. Unakuja ule wa kupinda, wa polepole, unapanda kana kwamba umemponyoka, kisha unaporomoka magotini. Gongo limeshapita, mpira bado uko njiani.

Mwaka 2008 aliokoa michezo 42, na 2010 akaokoa 43. Miaka yote miwili aliitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Mwaka 2012 kiwiko kikapasuliwa tena, msimu mzima ukapotea. Akarudi, akahama timu kadhaa, akapita tena hapa, na alipostaafu mwaka 2021 alikuwa ameokoa michezo 229. Hakuna mzaliwa wa Meksiko aliyefikisha hesabu hiyo katika ligi kuu.

Lakini tulimpendea jambo jingine. Mashabiki walimbandika jina la utani lenye maana ya mnyongaji wa Kimeksiko. Mwaka 2011 aliomba liachwe, kwa sababu kwao watu walikuwa wanauawa kweli katika vita vya magenge ya dawa za kulevya. Wazazi wetu waliposimuliwa habari hiyo hawakuhitaji maelezo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. Kinyago cha mdakaji kimekatika mkanda, tunakifunga kwa kamba ya kiatu, tunaomba kipya. La pili, kwenye orodha ya timu kuna mwenzetu ameandikwa "Bunduki" kwa sababu anarusha kwa nguvu. Alicheka nasi, ila hajawahi kuitika. Tunaomba msimu ujao aandikwe jina alilopewa na mama yake.

Tunaomba kuwasilisha.