Shangazi, maharagwe hayajakukosea

Shangazi,

Nakusalimu kutoka Entebbe. Nimesikia kwamba maharagwe yamepigwa marufuku nyumbani kwako Walukuba, kule Jinja. Ile sauti iliyozunguka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ya daktari asiyetaja jina wala hospitali, inasema kuna kitu kiitwacho lektini, kwamba kinatoboa utumbo na kuichosha kinga ya mwili, na kimejaa kwenye maharagwe, karanga na nyanya. Ukaniuliza mbele ya ukoo mzima: "Wewe si ndiye unayesomea kinga? Mbona hukutuambia?" Nimeona nikujibu hapa hadharani, maana wanaouliza ni wengi, na jibu lenyewe halienei kwenye simu.

Kwanza nikwambie kwamba lektini ndizo kazi yangu. Nashinda nazo maabara. Na yule bwana hakudanganya kila kitu, ndiyo maana maneno yake yanaingia kirahisi.

Lektini ni protini inayoitambua sukari fulani na kuishika. Si sukari ya chai. Kila seli ya mwili wako, na kila bakteria na kila mnyoo, imefunikwa juu na minyororo ya sukari za aina nyingi: manosi, galaktosi, fukosi na nyingine. Hata kundi lako la damu ni habari ya sukari. Mwenye A na mwenye B wametofautiana kwa sukari moja tu mwishoni mwa mnyororo, na mwenye O hana hiyo sukari ya mwisho. Miaka ya 1940 iligunduliwa kwamba protini ya maharagwe fulani hukusanya chembe za damu ya kundi A kuwa mabonge na kuziacha za O zikielea. Mmarekani William Boyd, mmoja wa waliogundua hayo, ndiye aliyezipa protini hizi jina la lektini mwaka 1954.

Sasa maharagwe yenyewe. Mekundu, kama hizi nambale zetu, yana lektini nyingi kuliko mengi mengine, na yakiliwa mabichi ni sumu kweli. Punje nne au tano tu zinatosha kumfanya mtu mzima atapike na kuharisha ndani ya saa chache. Hilo sikufichi. Lakini lektini hiyo haivumilii maji yanayochemka. Loweka maharagwe saa tano au zaidi, mwaga yale maji, weka mapya, yachemshe kwa nguvu nusu saa, kisha endelea kupika mpaka yalainike. Ukifika hapo kilichobaki hakina madhara. Na wewe Shangazi, kwa sigiri yako na subira yako, hujawahi kupika maharagwe chini ya saa mbili. Unajikinga na hatari ambayo umekuwa ukiimaliza jikoni kabla hata mimi sijazaliwa.

Ninayemhofia ni binti yako wa Kampala, na kile kikapu chake cha kupikia, kilichojazwa majani ya migomba na matambara ili kupunguza gharama ya makaa. Kikapu ni kizuri, nakipenda. Ila maharagwe yakiingia humo kabla hayajachemka sawasawa, yatakaa kwenye joto la nyuzi 70 au 80 mchana kutwa, yatalainika, yataonekana yameiva, na lektini bado iko hai. Kwa joto hilo yanaweza hata kuwa makali kuliko mabichi. Mwambie achemshe kwanza juu ya moto, nusu saa ya mapovu, halafu ndiyo afunge kikapu. Ungetangaza hilo kwenye kundi la ukoo badala ya ile sauti, ungekuwa umetusaidia sana.

Vile vidonge vya "kuzuia lektini" anavyouza jirani, usinunue.

Utacheka ukijua kwamba lektini hiyo hiyo ya maharagwe mekundu tunaiweka kwenye friji ya maabara, kwenye vichupa vidogo, na tunainunua kwa bei inayouma. Mwaka 1960 Peter Nowell, kule Philadelphia, alikuwa akiitumia kutenganisha chembe nyekundu za damu na nyeupe. Akaona jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: chembe nyeupe, zilizodhaniwa kuwa zimefika mwisho wa maisha yake, zilianza kugawanyika. Lektini ilikuwa imeshika sukari zilizo juu yake na kuziamsha. Mpaka leo, tukitaka kujua kama chembe nyeupe za mtu aliyetoa damu bado zina uhai, tunaweka kisima kimoja, yaani kishimo kidogo kwenye sahani ya maabara, chenye lektini ya maharagwe. Kisima hicho kisipojibu, majibu ya visima vingine vyote hatuyaamini.

Lakini lektini za mimea ni mlango tu. Wewe mwenyewe unazo, na bila hizo ungekuwa mashakani. Ini lako linatengeneza moja inayoshika manosi na kuimwaga ndani ya damu. Ina vichwa vingi, na kila kichwa kinashika sukari yake. Kimoja peke yake kinaachia upesi, kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vikishika vingi kwa pamoja hakuna kuchomoka. Uso wa bakteria wengi na wa fangasi umejaa manosi zilizobanana, kwa hiyo vichwa vinapata pa kushika. Seli zako zimefunika ncha za minyororo yake kwa sukari nyingine, asidi ya siali, kwa hiyo lektini inapita bila kuzigusa. Ikishamnasa adui, inaamsha msururu wa protini nyingine za damu ambazo humtoboa au kumwekea alama ili chembe nyeupe zimle. Haya yote hayasubiri chanjo wala kingamwili, zile protini ambazo mwili huziunda dhidi ya adui mmoja mmoja, yanaanza hapo hapo.

Si kila lektini inatutendea wema lakini. Kirusi cha UKIMWI kimejifunika manosi nyingi, na mwaka 2000 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba lektini moja iliyo juu ya seli za ulinzi, iitwayo DC-SIGN, hukishika na kukisafirisha mpaka kwenye seli za T, zile chembe nyeupe za kinga ambazo kirusi kinazitafuta. Mlinzi amegeuka dereva. Miaka saba baadaye ikaonekana kwamba lektini nyingine inayofanana nayo, iliyo kwenye seli za ngozi laini ya sehemu za siri, hukishika kirusi hicho hicho na kukiharibu. Mimi nafanya kazi hii kwa sababu ya tofauti kama hiyo.

Sasa nije kwa mjukuu wako wa Masese. Nimesikia alipelekwa kliniki kwa ajili ya ngozi kuwasha, akapimwa damu, mkaambiwa ana aleji ya karanga. Mtoto huyo anakula mchuzi wa karanga tangu alipoachishwa ziwa, hajawahi kuvimba mdomo wala kubanwa kifua.

Hapa Uganda jambo hilo tumelitazama kwa karibu. Kuanzia 2012 watafiti wa Entebbe walifuatilia vijiji 26 vya wavuvi kwenye visiwa vya Koome, ndani ya Ziwa Victoria, ambako kichocho kimeenea, na baadaye damu za wakazi zikapimwa kwa vioo vilivyopangwa vidoa vya sukari mbalimbali. Waliokuwa na kichocho walikuwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya sukari mbili, zailosi na fukosi, zilizofungwa kwa namna ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi kabisa. Mayai ya mnyoo wa kichocho yanazo. Mimea nayo inazo, karanga zikiwemo. Kwa hiyo mtoto aliyepigana na kichocho anaweza kuwa na kingamwili za IgE, zile ambazo vipimo vya aleji huzitafuta, zinazoshika sukari za karanga kwenye chupa ya kipimo, kipimo kikaandika "aleji", na yeye akila karanga hana neno. Kingamwili za namna hiyo kwa kawaida haziletei mtu madhara.

Sisemi arudishiwe karanga kwa maneno yangu ya mtandaoni. Aleji ya kweli ya karanga inaua. Nasema mrudi kwa daktari wa aleji, mmweleze mtoto alikuwa akila nini na kwa muda gani, na mwombe kipimo kinachotazama protini ya karanga iitwayo Ara h 2 badala ya karanga nzima. Hicho hakidanganywi na sukari.

Na kabla ya hapo apimwe kichocho. Kuna kipimo cha mkojo, kijiti kidogo, majibu ndani ya dakika 20 hivi. Kinachotafuta ni sukari ambayo mnyoo huitapika kutoka utumboni mwake, ikaingia kwenye damu ya mtoto na kutokea kwenye mkojo. Akikutwa nacho, dawa ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, apewe akiwa ameshiba, maana kwenye tumbo tupu inachafua roho. Dawa inaua minyoo iliyokomaa tu, na haimzuii kuambukizwa upya, kwa hiyo akiendelea kuogelea pale mwaloni mtampima tena mwakani.