Mwanangu, Nani Atashika Kamba?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia kwa furaha, maana wewe unajua nimeliombea jambo hili tangu lini. Mara ya pili nikakwama kwenye ule mstari ulioandika kama mtu anayenong'ona: kwamba shirika la kimisheni limekukubali, ila huondoki mpaka upate mwenyewe watu wa kukutegemeza kila mwezi, na kwamba unaona haya kwa sababu unajihisi umekuwa ombaomba.

Kwa miaka 12 nimekuwa mweka hazina wa mfuko wa misheni kanisani. Nimezifungua bahasha, nimeandika majina, nimepeleka fedha. Kwa hiyo nisikilize.

Haya hiyo iweke chini. Watu wanapenda kukumbuka kwamba Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, na kwamba alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Ni kweli. Lakini Paulo huyohuyo aliwaandikia Warumi, kanisa ambalo alikuwa hajalikanyaga, akawaambia waziwazi kwamba anataka kwenda Hispania na anatumaini watamsafirisha. Wafilipi walipomtumia zawadi kwa mkono wa Epafrodito, aliipokea kwa shukrani, akawaambia kuwa hakuitamani zawadi yenyewe bali faida inayoongezeka katika hesabu yao. Mimi mtu wa vitabu vya hesabu naipenda sana aya hiyo. Anayetoa naye anaandikiwa. Ukimficha mtu haja yako, umemnyima nafasi ya kuingia katika kazi.

Makanisa hayatumi watu kwa njia moja. Mengine huweka matoleo yote kwenye chungu kimoja, na mmisionari akalipwa mshahara kutoka humo. Lottie Moon, aliyekwenda China mwaka 1873, aliwaandikia wanawake wa makanisa ya Wabaptisti wa Kusini huko Marekani akiwaomba watenge sadaka wakati wa Krismasi. Mwaka 1888 zikapatikana dola zaidi ya 3,300, zikatosha kupeleka wanawake watatu. Sadaka hiyo ingali inatolewa kila Krismasi, kwa jina lake. Njia hii inampa mmisionari utulivu, ingawa anayetoa anaweza kutoa maisha yake yote asijue hata jina la mtu mmoja aliyempeleka.

Mmisionari Mwingereza Hudson Taylor alipoanzisha China Inland Mission, shirika la kupeleka Injili China, mwaka 1865 alichagua njia nyingine: mshahara hauna uhakika, deni ni mwiko, na fedha haiombwi kwa mwanadamu. Namheshimu sana. Ila nimewasikia wazee wa kanisa wakilitumia jina lake kuwaambia vijana "nendeni kwa imani", na maana yao ni kwamba wao hawatatoa kitu. Taylor hakunyamaza, mwanangu. Aliandika na kuzunguka akieleza hali ya China mpaka watu wakaijua haja bila kutajiwa kiasi.

Njia uliyopewa wewe ni ya tatu, ya kila mmoja kukusanya wategemezaji wake. Uzuri wake ni kwamba utajua ni nani anakuombea. Ubaya wake unaniumiza: mwenye jamaa wenye kipato huondoka baada ya miezi michache, na mwenye wito uleule kutoka kanisa la watu maskini hungoja miaka mpaka moyo unavunjika. Ukikutana na mwenzako wa namna hiyo, mwelekeze kwa baadhi ya watu wako.

Sasa nikuambie kuhusu kamba. Oktoba 1792, mjini Kettering, Uingereza, wachungaji wachache wa Kibaptisti waliahidi paundi 13, shilingi 2 na peni 6 ili kuanzisha chama cha misheni. Mmoja wao, William Carey, akaenda India mwaka uliofuata, na hakurudi kwao hata siku moja mpaka alipofariki mwaka 1834. Rafiki yake Andrew Fuller alisimulia baadaye kwamba ilikuwa kana kwamba wanajadiliana juu ya shimo refu la mgodi, na Carey akasema atashuka kama wao watashika kamba. Fuller aliishika. Alikuwa katibu wa chama, akasafiri huku na huko akichangisha na kuandika barua, mpaka kifo chake mwaka 1815. Carey anajulikana na wengi. Mimi namwomba Mungu akupe mtu kama Fuller, aliyebaki juu akiishika kamba.

Maana nimeiona kamba ikiachiwa. Miaka kadhaa iliyopita tuliwaaga mume na mke pamoja na watoto wao. Tuliwawekea mikono, tukaimba, fomu za ahadi zikajaa kikapu. Mwaka wa kwanza haukuisha, nusu ya ahadi zilikuwa zimekatika. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mmoja alihama, mwingine alipoteza kazi, wengi walisahau tu. Niliziona tarakimu zikishuka mwezi baada ya mwezi na sikusimama kulieleza kanisa, nikidhani mwezi ujao zitapanda. Walirudi kimyakimya, wamekopa nauli. Yule mama hakunilaumu. Aliniambia tu kwamba kwa miaka miwili hakuna mtu kutoka kanisani aliyewaandikia, isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nadai stakabadhi. Maneno hayo ninayabeba mpaka leo.

Ndiyo maana, kabla hujaenda kwa rafiki hata mmoja, nenda kwa kanisa lako. Antiokia walifunga, wakaomba, wakawawekea mikono Barnaba na Sauli, na hao wawili waliporudi walilikusanya kanisa wakaeleza yote. Omba uteuliwe kundi la watu watano au sita ambao kazi yao ni wewe: mmoja wa barua, mmoja wa fedha, mmoja wa kukuuliza roho yako inaendeleaje. Usikubali kuondoka na ahadi za jukwaani peke yake.

Bajeti iandike yote: viza, bima ya afya, shule ya lugha, makato ya shirika, akiba ya uzeeni. Watu huogopa kuandika akiba ya uzeeni wakidhani itaonekana ukosefu wa imani, kisha tunakutana nao wakiwa na miaka 70 hawana pa kulala. Na hesabu zako zisiwe mikononi mwako peke yako. Paulo alipobeba mchango wa Yerusalemu alifuatana na wajumbe waliochaguliwa na makanisa, mtu asije akamlaumu.

Na hili la mwisho ni zito. Fedha itakayokufuata huko itakupa sauti kubwa kuliko umri wako. Mwaka 1971 John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki aliyataka makanisa ya Magharibi yasitishe kwa muda kuleta wamisionari na fedha, ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yake. Wengi walikasirika. Mimi naona alisema kweli, na wewe utakuwa mgeni mwenye fedha kwa watu wengine kama hao walivyokuwa kwetu. Usimlipe mwinjilisti wa pale mshahara ambao wenyeji hawataweza kuuendeleza ukiondoka. Waulize wazee wao kwanza, na wakikataa, kubali.

Kamati inakaa Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Safari hii nitasoma tarakimu zote kwa sauti, zako na za wenzako walioko nje. Niletee bajeti kabla ya siku hiyo, na nauli ya kurudi iwe imeandikwa ndani yake.

Mama yako anayekupenda